Kiti cha Mama wa Kola

Trrrr, kimya kidogo, tk, tk, kisha trrrr tena. Hiyo ndiyo sauti ya kola ikishonwa na mtu anayeijua. Cherehani inakimbia ukingoni, mguu unalegea karibu na ncha, sindano inashuka mara mbili polepole kama mtu anayetafuta ngazi kwa unyayo, kitambaa kinageuzwa, halafu mbio tena. Katika ukumbi wetu cherehani nyingi zilinguruma pamoja, na alasiri mvua ya mawe ya Kericho ilipiga mabati mpaka tukaongea kwa mikono, lakini ile cherehani moja niliweza kuitambua hata nikiwa chooni nyuma ya jengo. Ilikuwa ya mama aliyeketi kulia kwangu. Mpaka leo nikipita kwenye duka la fundi yeyote nasimama kidogo barabarani nikingoja zile tk, tk. Mara nyingi haziji. Mafundi wengi hupita kwenye ncha bila kupunguza mwendo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa Soin, upande wetu wa joto, niliyeachia shule kidato cha pili kwa sababu wadogo zangu walionifuata walikuwa wengi na ng'ombe wa kuuzwa walikuwa wameisha. Sikulia sana. Tayari nilikuwa na duka kichwani. Lilikuwa pale Kericho mjini, lina kioo kikubwa mbele, na nyuma ya kioo amesimama mwanamke wa plastiki aliyevaa gauni la harusi lenye mkia wa kufika mpaka kwa jirani. Nilichora magauni kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni kwetu mpaka kogo, nyanya yangu, akauliza kama hao wanawake wote watakuja kula. Kwa hiyo shangazi aliponiambia kuna kiwanda cha nguo Kericho kinachotafuta wasichana, nilipanda kwenda huko nikiimba.

Kiwanda chenyewe kilikuwa jengo refu la mabati nyuma ya maduka, na madirisha ya upande mmoja yalitazama majani chai moja kwa moja, kijani mpaka macho yachoke. Tulishona yunifomu za shule na aproni nzito za wachumaji chai. Sote kwenye mashini tulikuwa wanawake. Mwenye kiwanda alikuja mara moja moja na pikapu yake. Aliyetuongoza kila siku alikuwa supavaisa, mama mrefu aliyetembea na futi shingoni kama daktari.

Nilifikiri nitashona nguo. Siku ya kwanza nikaambiwa pale hakuna mtu anayeshona nguo. Kuna laini. Mmoja anakata, mwingine anatengeneza kola, mwingine anapachika kola kwenye shati, mwingine mikono, mwingine matundu, mwingine vifungo. Shati linatembea kutoka paja hadi paja mpaka linafika kwenye pasi, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema hili ni langu. Kazi ilisafiri kwa mafurushi, na kila mshonaji alifunga furushi lake kwa uzi wa rangi yake ili kasoro ikionekana irudi kwa mwenyewe. Mimi nilipewa uzi wa kijani, nikawekwa kwenye kola nijifunze kwa mama aliyekuwa na uzi wa manjano.

Yeye tulimwita mama wa kola, hata supavaisa alimwita hivyo. Alikuwa ametoka Merigi, huko Bomet, na alikuwa ameshona kola tangu kiwanda kina mashini za kuhesabika. Mumewe, aliyekuwa karani wa kupima majani kwenye kituo cha kununulia chai, alikuwa amefariki. Walisema kifua. Alikuwa na binti mmoja, yuko shule ya bweni. Kwenye kiti chake alikuwa na mto alioutengeneza kwa vipande vya yunifomu za shule zote tulizowahi kushonea, samawati, maruni, kijani, kijivu, na mtu akitaka kujua shule fulani huvaa rangi gani alimwambia mama inuka kidogo nione.

Kola hushonwa ikiwa nje ndani, kisha hupinduliwa, na ncha zake lazima zisukumwe kutoka ndani ili zichomoze. Wengi wetu tulitumia ncha ya makasi na kutoboa. Yeye alitumia mwiba wa nungunungu, mweusi kwa mweupe, ambao babake aliuokota shambani. Aliuingiza, akauzungusha kidogo kama anayetoa nta sikioni, na ncha ikatoka kali bila kuchanika. Zangu zilitoka zimepinda upande mmoja. Kila jioni alizikagua, akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

"Bibi harusi wako atavaa kola?" aliniuliza siku moja nilipokuwa namweleza tena habari za duka langu.

Nikasema hapana, shingo itakuwa wazi.

"Basi ana bahati," akasema. "Zako zingemchoma shavu."

Kulikuwa na mambo tuliyofanya bila kuyafikiria, na nayataja kwa sababu ndiyo yaliyovunjika kwanza. Tulikata uzi kwa meno. Makasi yalikuwa machache, na kazi ilikuwa ya kulipwa kwa kipande, kwa hiyo ulifika mwisho wa mshono, ukainama, ukauma, ukasonga mbele. Shati moja lilipita kwenye midomo ya nusu ya laini kabla halijafika kwenye pasi. Tulikunywa chai kutoka birika moja, vikombe vikizunguka. Na sindano ikimwingia mtu kidoleni, jambo la kawaida kabisa kwa mwanafunzi, jirani yake ndiye aliyesimama, akazungusha gurudumu kinyumenyume kwa mkono, taratibu, mpaka sindano ikapanda na kutoka. Wewe mwenyewe huwezi, mkono unatetemeka. Kisha jirani alikupaka mafuta ya mashini, akakufunga kitambaa, na mtu upande wa pili akauliza kama sasa umeshashonewa kidole, tukupe tundu na kifungo pia.

Halafu ukaja ule ugonjwa. Nasema ukaja, lakini nadhani ulikuwapo siku nyingi tukiuita majina mengine. Redioni walikuwa wakiutaja. Kwenye zahanati kulikuwa na picha ya mtu mifupa mitupu, na chini yake maneno ya kuonya ambayo hatukuyasoma tukionwa. Sisi tuliuita huu wa siku hizi. Kwanza ulikuwa mzaha. Mtu akikohoa aliambiwa ajichunguze. Kisha Jumamosi zikawa za mazishi, huku kwa watu wa mashamba makubwa na kule kwa wenye chai zao ndogo, na siku za kuchukua yunifomu waliokuja dirishani kupimia watoto walianza kuwa nyanya, si mama. Mzaha ukaisha wenyewe, hakuna aliyeukataza.

Mama wa kola alianza kupungua. Sisi ni watu wa futi, hatuhitaji mizani. Na yeye, kwa sababu hakuweza kuvumilia nguo iliyokaa vibaya, saa ya chakula aliipunguza sketi yake ya kahawia kiunoni, mshono safi, usingejua iliwahi kuwa kubwa. Baadaye akaipunguza tena. Nguo yake haikuning'inia hata siku moja, na ndivyo sote tulivyojua. Tulimwona akiifumua na kuishona upya, tukageuza nyuso zetu kwenye dirisha, tukatazama majani chai.

Nilimwambia apumzike kidogo nyumbani. Nilisema kwa moyo mwepesi, nikiamini kupumzika ni dawa ya kila kitu, maana kwetu ndiyo tuliyokuwa nayo. Hakunikasirikia. Alimaliza ncha aliyokuwa akiishona, akasimamisha mashini.

"Nikikaa hapa mimi ni fundi," akasema. "Nikitoka kwenye kiti hiki, mimi ni mgonjwa tu. Wacha nikae."

Sikumtajia tena kupumzika. Tangu siku hiyo kitu nilichokiombea kanisani hakikuwa duka wala gauni, kilikuwa kile kiti chake. Nilimwomba Mungu amwachie tu hicho. Niliona ni ombi dogo, halimgharimu Mungu kitu.

Siku ya sindano ilikuwa siku ya baridi, ukungu umeingia mpaka ndani. Tulikuwa na mashati meupe ya shule. Nilisikia trrrr, nikangoja tk, tk, na badala yake nikasikia mashini ikikwama. Mama wa kola hakupiga kelele. Alikuwa ameketi wima, mkono wa kushoto juu ya mashini, na sindano imepita kwenye ukucha mpaka chini. Yeye, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuchomwa. Nguvu zilikuwa zimemwishia mkononi kwa sekunde moja, basi.

Laini nzima ilisimama. Mashini zikanyamaza moja baada ya nyingine, mpaka ukasikia birika likichemka kule kona. Jirani yake wa upande wa pili alikuwa mpachikaji wa kola, mama wa kwaya mwenye mdomo wa mizaha, aliyekuwa ametoa sindano kwenye vidole vya watu wengi kuliko mtu yeyote ukumbini. Aliinuka nusu, kama alivyozoea. Kisha akabaki hivyo, nusu amesimama, mikono imejikunja kifuani. Nilimwona akitaka, nikaona pia hawezi.

Nikaenda mimi. Sikuwa shujaa, nilikuwa tu mdogo na sikujua niogope kiasi gani. Nilizungusha gurudumu kinyumenyume kama mama wa kola mwenyewe alivyonifundisha. Sindano ikapanda. Damu ikadondoka kwenye kola, tone moja, kisha mengine. Nilimpaka mafuta ya mashini, nikamfunga kidole kwa kipande cha kitambaa. Hakuna aliyeuliza kama atakuwa na tundu na kifungo.

Supavaisa alikuja, akatazama, akaondoka, akarudi na kijiti cha ufagio. Aliliinua lile furushi kwa kijiti, kola zote, zile zenye damu na zile safi zaidi kuliko theluji ya kwenye kalenda, akalipeleka uani na kulichoma. Moshi wa kitambaa ukarudi kupitia madirishani. Mama wa kola aliutazama moshi ule kama mtu anayetazama ng'ombe wake akienda na mnunuzi.

Kesho yake tukakuta sheria mpya. Hakuna kuuma uzi kwa meno. Kila mtu na makasi yake, na kikombe chake kutoka nyumbani. Supavaisa alisema ni kwa ajili ya usafi wa kazi, na hakutazama upande wetu aliposema. Laini ikawa na sauti mpya, ya makasi madogo, chwa, chwa, chwa, kama mbuzi wengi wanakula.

Lakini furushi lenye uzi wa manjano halikutembea tena. Mama wa kola alilifunga, akalisukuma mbele, na pale mbele ya mpachikaji likalala. Mpachikaji alichukua yangu ya kijani, akasubiri, akakaa bure. Aliyemfuata kwenye laini naye akakaa bure, kwa sababu mikono haiwezi kupachikwa kwenye shati lisilo na kola. Laini yote ikawa inangoja vidole vyangu vya mwanafunzi. Watu walianza kununa, na mnuno ule haukunielekea mimi.

Nilimfuata mpachikaji nje wakati wa chakula. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno makali kuhusu kwaya na kanisa. Alinitazama kwanza, akajua.

"Mimi simchukii," akasema. "Nina mtoto ananyonya. Huyu anasema unapita kwa damu, yule anasema kwa kikombe, mwingine jasho. Mtu aje aniambie tu unapita wapi, na mimi nitamkumbatia leo. Wewe unajua?"

Sikujua. Zahanati waliweka picha, redio walituonya tuwe waangalifu, lakini hakuna mtu aliyekuwa amekuja kusimama katikati ya mashini zetu na kutueleza habari za sindano, uzi na mate. Nikabaki nimesimama pale na muhindi wangu wa kuchoma, unapoa.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na kwa siku chache nilijiona mwerevu kuliko kiwanda kizima. Asubuhi, kabla watu hawajakaa vizuri, nilichukua furushi la mama wa kola, nikafungua uzi wa manjano, nikalifunga kwa uzi wangu wa kijani. Yeye aliniona. Alisogeza tu mguu wake nipite. Furushi likaenda. Mpachikaji akalichukua, akapachika, shati likatembea, mikono ikaingia, vifungo vikafika. Laini ilianza kuimba tena, na mama wa kola alishona mchana kutwa, trrrr, tk, tk, trrrr, uso umepata rangi. Mimi nilikuwa nikishona polepole kwa makusudi, ili zake zitoshe kuwa zetu sote wawili. Moyoni nilikuwa nimeshaupeleka mpango wangu mbali. Nilimwona akifika Krismasi kwenye kiti chake, kisha Pasaka, kisha binti yake amemaliza shule, na ule ugonjwa umechoka na kwenda zake kama mvua inayohamia bonde lingine.

Kumbe vidole vya mpachikaji vilikuwa vimeshika kola za mama yule kwa miaka. Alikuwa anapachika asubuhi moja, akasimama. Akaichukua kola, akaipitisha ncha yake kwenye kidole gumba, akafumba macho, akaipitisha tena.

"Hii si yako, msichana," akaniambia, taratibu tu. "Zako zinapinda."

Kisha akaondoa mikono yake juu ya meza, yote miwili, akaiweka mapajani.

Ningefanya nini? Ningeweza kumwomba mama wa kola azishone vibaya. Nilifikiria hilo, hata nikageuka kumwambia. Alikuwa ameshaelewa. Alikuwa ameshika kola mkononi, bado haijapinduliwa, na mwiba wa nungunungu umeingia ndani yake. Niliona akijaribu. Naapa niliona akijaribu kuusukuma mwiba upande, apinde ncha. Mkono ukakataa. Ncha ikatoka kali kama siku zote. Akaiweka juu ya meza, akaitazama, mabega yakatikisika kidogo, na mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka.

Mwenye kiwanda alikuja na pikapu yake wiki hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Aliongea naye pale pale, akiwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi. Alimwambia aende nyumbani kwa mamake apate maziwa na hewa, na akipata nafuu arudi, kiti chake kitakuwa kinamngoja. Alisema hivyo mbele yetu sote. Sisi tukatazama chini, kila mtu na kitambaa chake. Mama wa kola akamshukuru kwa adabu. Alifunika mashini yake kwa kile kitambaa chake cha maua, akakunja pembe zake kama anayelaza mtoto. Mto wake aliuacha juu ya kiti. Mtu atakayerudi haondoki na mto.

Nilimtembelea huko Merigi baada ya mvua kubwa kuisha. Nilibeba sukari, majani na sabuni. Mamake, kogo mwenye masikio marefu yaliyotogwa kizamani, alinipokea kwa mikono miwili na kunimiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, akanipa kikombe, nami nilipomaliza akamimina tena ndani ya kikombe kile kile, akampa binti yake, mama wa kola, na alichobakisha kogo akanywa mwenyewe. Sijui kama kogo alikuwa amesikia habari za vikombe. Nadhani alikuwa amesikia.

Mama wa kola alikuwa ameegemea ukuta juani, amevaa sketi ya kahawia. Hapakuwa tena na mahali pa kuipunguza. Nilimweleza porojo za kiwandani, nani amegombana na mpiga pasi, nani amepata mchumba dereva wa trekta. Nilimwongezea chumvi ili acheke, na alicheka pale palipohitaji. Hospitali walikuwa wamemwambia ale vizuri. Aliniuliza kama mimi najua hicho kinachoitwa vizuri ni chakula gani, maana kwao ni viazi. Siku zile dawa yenyewe, ile ambayo siku hizi watu wanameza na kwenda kazini, kwetu ilikuwa bado ni uvumi wa nchi za mbali.

Nilijua ana swali. Mwishowe akaliuliza.

"Nani amekaa kwangu?"

"Hakuna," nikasema. "Kiti kiko vile vile. Na mto uko."

Nilikuwa nasema kweli tupu. Hakuna aliyekuwa amekikaribia. Walipita mbali nacho wakienda kunywa chai, na mfagiaji alifagia akizunguka miguu yake. Lakini niliona uso wake ukifunguka.

"Basi wameniwekea," akasema. "Kumbe yule mzee ni mtu wa kusema na kutenda. Mimi nilifikiri ananidanganya."

Kogo alinitazama kutoka mlangoni. Nami nikatazama ndani ya kikombe. Ningemwambia nini, na kwa faida ya nani? Alianza kupanga. Akipata nafuu baada ya mavuno atarudi, tutakuwa na oda za shule za Januari, na supavaisa asikubali kitambaa kile chepesi, kinachanika kwenye ncha. Nilisema nitamwambia. Alipanga kama mimi nilivyokuwa nikipanga duka langu, na kwa mara ya kwanza niliogopa kupanga.

Nilipoaga alitoa mwiba wa nungunungu kutoka kwenye nywele zake, alikouchomeka.

"Shika huu kwanza," akasema. "Nikirudi utanirudishia."

Habari zilitufikia asubuhi moja kupitia kwa mtu wa kwao aliyeleta maziwa mjini. Supavaisa alisimamisha mashini zote. Mpachikaji wa kola ndiye aliyeanzisha wimbo wa kanisani, akaimba sauti ya kwanza, sisi tukamfuata, na katikati ya ubeti wa pili akaketi chini sakafuni, kwenye vipande vya uzi, na wimbo ukaishia hapo. Hakuna aliyeumalizia. Tulirudi kazini kwa sababu hatukujua kitu kingine cha kufanya na mikono.

Kisha oda za Januari zikaja, na laini ikahitaji kola. Mwenye kiwanda alitaka ile mashini ifanye kazi. Supavaisa aliita mmoja, akaita mwingine. Mmoja alisema mgongo wake hauwezi kiti kile, mwingine alisema taa ya pale ni mbaya. Ikapendekezwa mashini ipanguswe yote kwa mafuta ya taa. Ikapendekezwa mto uchomwe. Mtu mmoja akauliza kwa nini isiuzwe tu Kisumu, ambako haijulikani. Nilisikiliza yote hayo nikiwa nimeushika ule mwiba mfukoni mwa aproni yangu. Na sitawasema vibaya. Wengine miongoni mwao walikuwa wameanza kupungua pia, na usiku, nadhani, walikuwa wakipunguza sketi zao mahali ambapo hatungewaona.

Siku iliyofuata nilifika mapema. Mlinzi alinifungulia, akarudi kwenye moto wake. Ukumbi ulikuwa baridi na ukungu umekaa kwenye madirisha, hata majani chai hayakuonekana. Niliondoa kitambaa cha maua, nikakikunja. Nikaketi juu ya mto wa yunifomu zote. Bobini yake ya uzi wa chini ilikuwa bado imejaa, mweupe, aliouzungushia kwa mkono wake. Uzi wa juu ulikuwa umepita kwenye sindano kama alivyouacha.

Nilichukua kola moja. Nilienda mbio ukingoni, nikalegeza mguu karibu na ncha, nikangoja. Tk. Tk. Nikageuza kitambaa, nikamaliza upande wa pili. Nikaipindua, nikaingiza mwiba, nikauzungusha kidogo. Ncha ilitoka karibu nyoofu.

Ukumbini hapakuwa na mtu. Makasi yangu yalikuwa pale mezani, yamefungwa kwa uzi wa kijani. Niliinama, nikaukata uzi mweupe wa mama wa kola kwa meno.